Binti wa Dale Strohecker

Jumapili, 24 Agosti

Nimehamia kituoni leo. Chumba changu kiko juu ya magari ya zimamoto, na harufu ya dizeli inapanda kupitia sakafu mpaka kwenye shuka. Chumba cha pili ni cha Teo Quiñones, kijana wa kutoka mji wa Reading. Kabla sijashusha begi la pili alishaniuliza kama najua kupika. Nikamwambia najua kukaanga mayai. Akasema, "Basi dada, njaa itatumaliza kabla ya moto."

Mpango wenyewe ni rahisi. Kikosi cha zimamoto cha mji wetu, Brennick, hapa Pennsylvania, kinatupa chumba na kinatulipia chuo. Sisi tunasoma, na saa zote zisizo za darasa ni zao: zamu, mazoezi, kuosha magari, kupiga deki. Ukiacha kikosi, umeacha chumba na masomo kwa pamoja.

Baba ndiye aliyenileta. Tangu nyonga yake ivunjike hapandi ngazi vizuri, lakini leo alizipanda zote bila kushika ukuta. Picha yake iko pale koridoni, kijana, uso mweusi kwa moshi, amembeba mtoto wa watu begani. Kepteni Umholtz alinikumbatia mbele ya picha hiyo hiyo. "Karibu nyumbani, mwanangu. Hapa palikuwa kwenu hata kabla hujazaliwa."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 1 Septemba

Sikukuu, chuo kimefungwa. Tumeosha magari yote. Mvua ikanyesha, tukayaosha tena.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimeingia Kontena.

Ni kontena la meli, liko nyuma ya kituo. Ndani wamelijaza vijia vya mbao, vyembamba, vinavyopinda, kupanda na kushuka. Unaingia upande huu na mtungi wa hewa mgongoni, barakoa imezibwa kwa utepe mweusi usione kitu, na unatakiwa kutokea upande wa pili. Asiyepita Kontena haruhusiwi kukanyaga ndani ya nyumba inayowaka. Anayelisimamia ni Luteni Jolene Kessock, mwanamke aliyepita hamsini, ambaye kazi yake nyingine ni kuendesha basi la shule. Anatuita kwa majina ya ukoo, kama watoto wanaorushiana chakula kiti cha nyuma.

"Strohecker, tambaa. Mkono wa kushoto usiache ukuta. Ukikwama, tulia kwanza, ndipo ufikiri."

Nilienda vizuri mpaka mahali ambapo kijia kinabana. Pale lazima uvue mtungi, uusukume mbele yako, ujipenyeze nyuma yake. Nikauvua. Nikasukuma. Mabega yakagusa mbao huku na huku, na kifua kilipojaa pumzi kikagusa mbao chini na mgongo ukagusa juu. Sikumbuki kilichofuata ila sauti. Mtu alikuwa anapiga mayowe, nikawa najiuliza ni nani huyo, anamaliza hewa yake. Luteni alifungua mlango wa pembeni akanivuta kwa mkanda. Barakoa nilikuwa nimeshaing'oa.

Teo aliingia baada yangu, akatoka upande wa pili akicheka, ametapakaa vumbi.

"Alhamisi tena," Luteni akaniambia. Hakusema pole.

Alhamisi, 11 Septemba

Tena. Sikupita.

Alhamisi, 18 Septemba

Tena. Safari hii sikupiga mayowe. Nilikaa tu pale penye kubana, nimeganda, mpaka king'ora cha mtungi kikalia kwamba hewa inakwisha.

Kepteni alinipigapiga bega. "Usijali. Damu haidanganyi. Wewe ni Strohecker."

Luteni alikuwa anafuta barakoa.

Ijumaa, 26 Septemba

Chuoni nimeongoza darasa kwenye mtihani wa jinsi moto unavyosafiri ndani ya nyumba. Mwalimu alitaka nieleze ubaoni jinsi moshi unavyopanda ngazi kabla ya moto wenyewe. Nikaeleza vizuri, kwa chaki, bila kukwama popote.

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku ya kuku wa kuchoma. Kila vuli kikosi kinauza kuku kwa mji mzima, moshi wa mkaa unafunika barabara mpaka kanisani. Kazi yangu ilikuwa kugawa viazi. Kila aliyefika mbele yangu alikuwa na neno lilelile.

"Binti wa Dale! Nilijua utakuja huku."

"Unafanana naye hata macho."

Bibi mmoja alinishika uso kwa mikono miwili. Baba yangu ndiye aliyemtoa mume wake kwenye nyumba ya Mtaa wa Locust, na mume akaishi miaka kumi na moja zaidi. "Sasa nitalala usingizi," akaniambia, "maana upo wewe."

Baba alikuwa meza ya pili anauza tiketi. Sijamwona na furaha namna ile tangu Mama aende Florida na yule mume wake mpya. Kwa kila anayenunua, alikuwa ananyoosha kidole kwangu.

Niliendelea kugawa viazi. Mikono inagawa, mdomo unacheka, na kifuani nasikia zile mbao.

Jumanne, 14 Oktoba

Namchukia Luteni Kessock. Wiki mbili sasa ananiingiza Kontena kila nafasi anayopata, na kila nikishindwa ananiuliza swali hilo hilo: "Uliishia wapi?" Kana kwamba hajui! Leo nikamjibu, "Palepale." Akasema, "Hapana. Leo umefika mbele kidogo." Nilidhani ananikejeli.

Mchana nilikuwa stoo nikipanga mipira ya maji, nikawasikia Luteni na Kepteni jikoni.

"Bado," Luteni alisema. "Huyu mtoto bado."

"Jolene, ninao watu tisa tu wanaoweza kuingia ndani. Tisa, na wawili wana presha. Nipe mtu."

"Nikupe mtu, au nikupe jina?"

"Unamwonea kwa sababu ya baba yake. Hukuwahi kumpenda Dale."

Halafu kikombe kikawekwa mezani kwa nguvu, na viatu vya Luteni vikatoka nje. Nikajiambia kumbe ndiyo sababu, ananionea. Nikapata hata nafuu kidogo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mkutano wa mwezi wa kikosi. Ukumbi ulijaa, wake na watoto wamo, kahawa na keki mezani. Baba alikuwepo safu ya mbele na shati lake la kikosi. Kepteni akamaliza habari za paa linalovuja, halafu akatabasamu, akaniita.

"Ndugu zangu, leo tuna wawili waliomaliza mafunzo ya kuingia ndani. Teo Quiñones. Na Ottilie Strohecker, Tilly wetu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Watu wakasimama kupiga makofi. Kepteni alinivua kofia ya bluu, ambayo ni ya wanafunzi, akanivalisha nyeusi, ya wanaoingia ndani, na mbele ya ile nyeusi kulikuwa na ngao ya ngozi yenye namba ya zamani ya Baba. Kepteni alikuwa ameitunza miaka yote hiyo.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamwona Baba ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na mzee aliyekaa kando yake amemshika mkono. Nikasema, "Asanteni."

Luteni Kessock alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliniangalia mara moja, akatoka. Sikuonana naye tena siku hiyo.

Jumamosi, 1 Novemba

Gari limegonga kulungu njia kuu. Hakuna aliyeumia ila kulungu.

Jumatano, 5 Novemba

King'ora kikilia, naomba isiwe nyumba inayowaka. Mpaka sasa ni bahati: chungu kilichoungua, waya ulionuka, moshi wa dohani. Kila mara nikirudi salama naona nimeiba siku moja nyingine.

Jumatano, 12 Novemba

Tumegombana na Teo. Alikuwa anapika wali na maharage, mimi nakata vitunguu.

"Tilly, ulipita lini?"

"Kupita nini?"

"Usinifanye mjinga. Mimi nimekuwa nyuma ya lile Kontena kila siku uliyoingia. Lini?"

"Kepteni amesema nimepita."

"Kepteni amesema!" Akazima jiko. "Sikiliza, dada. Siku ikifika, mimi ndiye nitakayekuwa mbele yako mle ndani. Nikigeuka nyuma nataka kukuta mtu."

"Utanikuta."

"Nitakukuta au nitakuta kofia ya baba yako?"

Nilimrushia kisu. Hapana, nilikirusha kwenye sinki, lakini kilipita karibu naye. Akala peke yake. Baadaye aliniachia sahani mlangoni, imefunikwa.

Nilikula nikilia. Alichosema ndicho nilichokuwa nikikisikia moyoni tangu siku ile ya makofi, na nilikuwa nimeapa asitokee mtu wa kukisema kwa sauti.

Alhamisi, 27 Novemba

Siku ya Shukrani. Mimi na Baba tu, na bata mzinga anayetosha watu wanane. Baba alisali. Alimshukuru Mungu kwa chakula, kwa nyonga inayopona, kisha akasema, "na kwa Tilly, ambaye hakuniangusha."

Nilikuwa nimejipanga kumwambia leo. Maneno nilikuwa nayo tayari tangu garini.

"Baba, kuhusu ile kofia..."

"Unajua Norm amelia?" akanikatiza. "Norm niliyekuwa naingia naye motoni! Nilimpigia simu Arizona nikamwambia, akalia. Nimewaambia wote, Tilly. Wote wa zamani."

"Norm hajambo?"

"Hajambo. Ongeza viazi."

Nikaongeza viazi.

Jumamosi, 29 Novemba

Lazima niandike kabla watu hawajaanza kunisimulia wao.

Leo ni siku ya kwanza ya kuwinda kulungu kwa bunduki, na Pennsylvania siku hiyo mwanaume asiyeingia porini ni mgonjwa au ni mchungaji. Alfajiri nusu ya kikosi ilishakwea milima, simu zao hazishiki. Kituoni tulibaki Kepteni, Luteni Kessock, Teo na mimi.

Wito ulikuja baada ya kifungua kinywa. Nyumba ya Mzee Lesher, Mtaa wa Tanner, inatoa moshi. Anaishi peke yake, ana miaka themanini na moja, jirani hajamwona akitoka. Kikosi cha mji wa pili kilikuwa kinakuja, lakini na wao watu wao wako porini.

Tulipofika, moshi ulikuwa unatoka chini ya paa, mzito, wa kahawia, unasukumana kama una haraka. Luteni ndiye aliyeendesha, kwa hiyo akabaki kwenye pampu ya gari. Kepteni akaamuru. "Quiñones, Strohecker, mlango wa mbele. Chumba chake kiko juu ya ngazi, kushoto."

Barabarani walishafika wazee wa vizibao vya rangi ya machungwa, wale waliostaafu, wanaokuja kuzuia magari. Baba alikuwa mmoja wao.

Tukapiga magoti kibarazani. Teo akavunja mlango. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni, na chini yake nikaona zulia, jozi ya viatu vya ndani, na ngazi. Ngazi nyembamba. Ukuta huku, ukuta huku. Nikajua. Nilijua kwa utulivu kabisa, kama mtu anavyojua jina lake. Nikiingia mle nitafika katikati ya ngazi ile na nitaganda, na Teo atarudi kunitafuta.

Nikarudi nyuma. Nikavua barakoa.

"Siingii!"

Kepteni alikuja mbio. "Nini? Kuna nini?"

"Siingii, Kepteni. Sijapita Kontena. Sijawahi kupita hata mara moja. Mpe Teo mtu mwingine."

"Hakuna mtu mwingine! Kuna mtu anakufa mle ndani! Vaa barakoa!"

"Siingii."

"Wewe ni binti wa Dale Strohecker!" alifoka, na nadhani mtaa mzima ulisikia. "Baba yako yuko pale, anakutazama!"

Sikugeuka kumtazama Baba. Nilibaki nimepiga magoti. Sijawahi kuona aibu kama ile. Ilikuwa na uzito, ilinikalia mabegani kama mtu.

Luteni Kessock alikuwa ameshafika, anafunga mkanda wa mtungi wake.

"Strohecker. Pampu unaijua?"

"Naijua."

"Basi kimbia."

Hakuniuliza kitu kingine. Nikakimbia kwenye pampu, na yeye na Teo wakazama ndani ya moshi.

Niliwapa maji. Niliangalia mshale wa presha, nikasikiliza injini, nikaongeza pale Teo alipoomba redioni, nikapunguza aliposema punguza. Halafu kukawa na kishindo, redio ikanyamaza, na mimi nikasimama pale nimeshika usukani wa valvu na siwezi kufanya lolote. Wakatoka wakimburuta mtu. Teo amemshika Mzee Lesher kwapani. Luteni amemshika mguu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ulikuwa unaning'inia vibaya. Dari la ngazini lilikuwa limemwangukia.

Mzee alikuwa anapumua. Helikopta ilimchukua kutoka uwanja wa shule.

Nilipomtafuta Baba, alikuwa ameshaondoka. Kizibao chake kilikuwa juu ya kizuizi cha barabara.

Jumatatu, 1 Desemba

Dukani mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaniona, akageuka tena. Nasikia wanasema nilimwacha mwanamke wa miaka hamsini aende akavunjwe mkono kwa ajili yangu. Ni kweli, nilimwacha.

Baba hapokei simu.

Jumanne, 2 Desemba

Mzee Lesher amefariki hospitalini asubuhi. Moshi ulikuwa umeshaharibu mapafu.

Kepteni aliniita ofisini. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitarajia matusi, nikapewa kiti na kahawa.

"Kesho kuna mkutano. Watauliza. Sasa, mwanangu, tutasema barakoa iligoma. Barakoa yako iligoma, ukatoka kama ulivyofundishwa. Vifaa vinagoma. Hakuna wa kulaumiwa."

"Lakini nilisema mbele ya watu."

"Ulikuwa umechanganyikiwa. Watu wanaropoka mengi mbele ya moto. Chumba chako kipo, chuo kipo, ngao ya baba yako ipo. Dale ataweza kuingia tena mle ukumbini bila kuinamisha kichwa. Fikiria Dale."

Hakuwa mtu mbaya alipokuwa anasema vile, na hilo ndilo lililonibana zaidi. Alikuwa anajaribu kunifunika kwa blanketi. Nikamwambia nitafikiri.

Nilienda kwa Luteni Kessock. Alikuwa sebuleni, mkono umefungwa plasta, anatazama mashindano ya mapishi kwenye televisheni.

"Ile dakika," nikamwambia. "Nilipogoma mlangoni. Ile dakika ingemwokoa?"

Nilitaka aseme hapana. Alizima televisheni kwanza.

"Sijui. Daktari hajui. Na wewe hutajua, Strohecker, hilo utaishi nalo." Akajikuna kando ya plasta. "Ila najua kitu kimoja. Dari liliponiangukia, Teo alinyoosha mkono nyuma na mimi nilikuwepo kuushika. Na ile dakika usidhani ilipotea mlangoni. Ilipotea Oktoba, pale ukumbini, watu wanapiga makofi. Mimi nilitoka nje siku ile badala ya kusema. Kwa hiyo igawe. Usiibebe yote, utavunjika."

Nikamuuliza kama alimchukia Baba.

"Dale? Dale alikuwa mzimamoto mzuri sana. Ndiyo maana nilitaka upite kwa miguu yako."

Jumatano, 3 Desemba

Nimesema.

Kepteni alianza na habari ya barakoa. Alipomaliza akanitazama, na ukumbi mzima ukanitazama. Baba alikuwa safu ya nyuma, peke yake. Nikasimama.

"Barakoa ilikuwa nzima. Sikuwahi kupita Kontena. Kepteni alijua, na mimi nilijua, na nilikubali kofia. Luteni Kessock alikataa tangu mwanzo."

Mtu akaguna. Kepteni alikaa chini taratibu, kama aliyezeeka ghafla. Teo, ambaye hakuwa ameulizwa, akasimama kando yangu akasema, "Angeingia tungekufa watatu. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, kwa hiyo naomba mnisikilize mimi."

Baba akainuka. Akatoka. Mlango wa ukumbi ule haufungwi kwa utulivu hata ukitaka.

Jumatano, 10 Desemba

Wameamua. Kuanzia sasa wa kupitisha mtu ni Luteni peke yake. Kepteni anabaki Kepteni, hakuna mwingine anayeitaka kazi. Mimi nihame kabla ya Krismasi. Muhula ujao nitajitegemea. Nimeomba kazi kwenye maktaba ya chuo, na mwalimu wangu wa moto amesema atanipokea darasa la kuchunguza vyanzo vya moto. Sijui kama nitaweza yote mawili.

Ngao ya ngozi nimeiacha mezani kwa Kepteni. Hakuwepo. Nilichagua wakati ambao hayupo.

Jumapili, 14 Desemba

Theluji ya kwanza. Nilikuwa nimemwomba Teo anisaidie kubeba mizigo, lakini saa nne gari la Baba likasimama mbele ya kituo. Hakupiga honi. Alipanda ngazi, safari hii akishika ukuta, akachukua boksi la vitabu, akashuka nalo. Teo alinikumbatia akaniambia nijifunze kupika wali, maana hatakuja kuniletea.

Tulipofika uani kwetu Baba akazima gari, na hakushuka. Theluji ikaanza kufunika kioo cha mbele.

"Nilikuwa pale barabarani," akasema.

"Najua."

"Nilikusikia ukisema huingii."

"Najua, Baba."

"Hapana, hujui." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. "Mimi nimeziona zile ngazi za Lesher. Nimeshaingia mle, miaka ile dohani lake lilipowaka. Nilijua zilivyobana. Nikakusikia mwenyewe ukisema hujapita. Na nilisimama pale na kizibao changu, Tilly, nikitaka uingie. Watu walikuwa wananitazama, nikawa nataka mtoto wangu aingie mle."

Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ghorofa nyingi.

"Wiki mbili nimeshindwa kukutazama," akasema. "Wao wanadhani nimekukasirikia."

Nilimwekea mkono begani, juu ya koti. Tukakaa hivyo mpaka kioo kikawa cheupe chote. Kisha akafungua mlango, akatoa mguu mbovu kwanza, akageuka.

"Unaingia?"

Nikamwambia atangulie, nakuja. Nilitaka kukaa nje kidogo kwanza. Akafikiri, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kufungua nyumba, akauacha mlango wazi.